Kipande cha Rangi ya Maziwa

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2013, kabla ya mapambazuko, katika zizi la mfugaji aliyejulikana kwa jina la utani la Komeo, mlikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja, mbwa wawili waliolala langoni, na mtu mmoja tu: mke wa Komeo, aliyekaa juu ya kigoda akikamua kwa mwanga wa kandili iliyotundikwa nguzoni. Kulipopambazuka ng'ombe walikuwa arobaini.

Habari hiyo ilimfikia Shazia adhuhuri, akiwa kazini. Alikuwa dada yake Komeo, tumbo moja, naye alikuwa fundi wa maturubai katika mji mdogo uliokuwa mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka kwenye zizi hilo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichobanwa kati ya gereji na duka la matairi. Cherehani yake, ya chuma kizito, ilikuwa imeshushwa ndani ya shimo hata meza yake ikawa sawasawa na sakafu, ili turubai la kufunika lori zima liteleze bila kukunjamana. Mshonaji aliketi ukingoni, miguu ikiwa ndani ya shimo, kama mtu aliyekaa kwenye gati akichezea maji. Sakafu ya saruji ilikuwa imeng'aa kwa miaka ya kusuguliwa na vitambaa vizito, na wateja waliambiwa wavue viatu, hata wale waliokuja na hasira.

Shazia lilikuwa jina la sindano ndefu na nene ya kushonea magunia. Vijana wa gereji ndio waliompa, kwa urefu na wembamba wake, na pia kwa ulimi wake. Yeye hakuliona kuwa tusi. Kazi alijifunza kwa fundi mzee ambaye hakuwa na subira na mtu aliyeshona mshono mmoja pale palipotakiwa miwili. Fundi huyo alipostaafu alimwachia cherehani na shimo lake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na watu wakimwuliza habari zake, Shazia alijibu kwamba humwona mara chache kuliko mwezi mwandamo.

Simu ilipolia aliacha pedali, akajifuta mikono. Alikuwa wifi yake.

"Wifi, kuna jambo."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Yule mtamba mwekundu amekwenda. Sikio amemchukua alfajiri."

Sikio lilikuwa jina ambalo wafugaji walimpa simba jike mmoja aliyechanika sikio la kushoto, aliyeishi na watoto wake kwenye vichaka vya ng'ambo ya bonde.

"Ukuta wa turubai niliowashonea umechanika?"

"Njoo ujionee. Mimi sina la kusema. Kaka yako tangu asubuhi hajafumbua kinywa, na unajua mwenyewe, yule akifunga kinywa hakufuati jema."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Aliingia ghalani," wifi akasema, akapunguza sauti. "Ametoka na kopo."

Hakuhitaji kueleza kopo gani. Katika kila ghala la upande ule mlikuwa na kopo la dawa ya kuua wadudu wa mazao, na kila mfugaji alijua kwamba dawa ile, ikimwagwa juu ya mzoga, haichagui. Simba huurudia mzoga wake jioni. Humla mnyama wake, kisha hujikongoja hatua chache na kulala moja kwa moja, yeye na watoto wake.

Shazia alilijua jambo hilo tangu utotoni. Baba yao aliwahi kuwatilia sumu fisi. Fisi wawili walikufa, lakini kabla siku haijakucha mvua ilinyesha, ikaisomba sumu hadi kwenye bwawa dogo lililonywewa na mbuzi wa baba yao mdogo. Mbuzi walikwisha karibu wote. Ndugu wawili waliokuwa wakila sinia moja hawakusalimiana tena mpaka mmoja wao alipobebwa kwenda kuzikwa, na hata siku hiyo aliyebaki alisimama mbali na kaburi, amewapa watu kisogo.

Ndiyo sababu, afisa wa wanyamapori alipoingia karakanani mwaka uliotangulia na kumwuliza kama angeweza kushona ukuta badala ya kifuniko cha lori, Shazia hakumkatisha kauli. Afisa alikuwa kijana mpole aliyezoea kufukuzwa na wafugaji, akazungumza kama mtu anayekaribia kufukuzwa tena. Alieleza kwamba simba haruki asikokuona. Boma la miiba huliruka, kwa kuwa huona mawindo yakitembea nyuma ya miiba. Lakini akikutana na kitambaa kizito kisichopenya jicho, husimama, huzunguka, hunusa, kisha huenda zake. Na ng'ombe walio ndani, kwa kuwa nao hawamwoni, hawapati kihoro na kuvunja lango.

Shazia alishona ukuta wa kwanza kwa turubai la kijani kibichi, refu kumzidi mtu mrefu, lenye pindo pana chini la kujazwa mchanga na pete za shaba juu za kupitishia kamba. Hakuna aliyeutaka. Hatimaye alimpelekea kaka yake na kumwomba aupokee kwa heshima ya udugu. Komeo aliupokea bila neno. Wenzake walimcheka, wakisema dada yake amewavisha ng'ombe koti. Lakini simba walikuwa wamewala ng'ombe sita mwaka ule, na tangu ukuta usimame, kwa miezi mitano, hawakumla hata mmoja. Wafugaji wengine walianza kupita karibu, wakijifanya wanatafuta mbuzi waliopotea, ili wautazame vizuri. Kisha wakaanza kuagiza. Sasa wote wangetazama Komeo anafanya nini; akimwaga sumu, makopo yote ya bonde lile yangefunguliwa kwa wiki moja.

Shazia alikunja kipande cha turubai la kijani kilichokuwa kimebaki, akatia sindano na uzi wa nailoni mfukoni, akaenda gereji.

"Nipeleke kwa kaka yangu."

Fundi wa gereji aliutazama uso wake, akaenda kuwasha pikipiki. "Kukufikisha nitakufikisha," alisema. "Ila kama kuna simba, mimi ni mtu wa spana."

Alimshusha mahali ambapo paa la nyumba lilianza kuonekana, akageuza pikipiki bila kuzima injini.

Komeo alikuwa langoni, akigongomea magogo mapya mahali ambapo ya zamani yalikuwa yamevunjika. Hakugeuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja matangani?"

"Nimekuja kuutazama ukuta."

"Tazama. Hakuna aliyekufumba macho."

Shazia aliuzunguka ukuta wote, akiupapasa kwa kiganja kama mtu anayemkagua punda kabla ya kumpakia mzigo. Alivuta kila kamba, akapiga teke kila pindo la mchanga. Hakuna kilichochanika wala kulegea. Magogo ya lango yalikuwa yamevunjikia nje: ng'ombe wenyewe ndio waliolivunja kwa hofu, wakatawanyika, naye Sikio akamkamata mtamba huko nje. Jambo hilo lilimwongezea mashaka badala ya kumpunguzia. Kwa miezi mitano Sikio alipita pale, nyayo zake zikaonekana nje kila wiki, na ng'ombe hawakushtuka. Kwa nini washtuke leo?

Aliporudi langoni, Komeo alikuwa ameketi juu ya gogo, nyundo mapajani.

"Umeona tundu?"

"Sikuona."

"Kamba iliyolegea?"

"Hakuna."

"Basi ukuta wako mzima, mtamba wangu mzoga. Nenda ukampe afisa wako pongezi."

"Kaka, kopo liko wapi?"

Komeo alichukua msumari, akaitazama ncha yake, akaurudisha.

"Kaka, nimekuuliza."

"Limekwisha kufanya kazi. Nimemwaga. Jua likizama anarudi, na akirudi atakula."

"Umemsahau baba mdogo?"

"Usinitajie baba mdogo. Hapa hapana bwawa, na mawingu hayapo."

"Mbwa wapo. Ndege wapo. Hii ndiyo njia ya majirani kwenda kisimani."

"Nimewaambia wasipite." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, si ya hasira tu. Mtamba yule alikuwa uzao wa ng'ombe wa mwisho aliyeachwa na mama yao, na hakuna aliyehitaji kulisema hilo. "Miezi mitano nimechekwa kwa ajili yako. Nilivumilia. Sasa nionyeshe kosa, dada. Ukinionyesha kosa, nitajua kwamba ukuta unaweza kutengenezwa, nasi tutazungumza. Usiponionyesha, rudi mjini kabla ya giza, uniache nifanye linalofanywa na kila mtu."

Jua lilikuwa limekwisha kuanza kuteremka. Shazia alipiga simu kwa afisa, akaambiwa kwamba yuko ng'ambo ya pori, gurudumu limepasuka, atafika giza likiwa limeingia. Alirudi kwenye ukuta, safari hii akitembea polepole, akiinama.

Upande wa magharibi wa zizi ulikuwa na kipande kisichofanana na vingine. Mwezi uliopita Komeo alitaka zizi lipanuliwe, na bohari ya ofisi ya wanyamapori ilikuwa imeishiwa turubai la kijani. Afisa alimwuliza Shazia kama angependa kusubiri au atumie lililopo, la rangi ya maziwa. Shazia alilivuta, akalimwagia maji, akalitoboa kwa sindano na kulitingisha kuona kama tundu litapanuka. Lilikuwa imara kuliko la kijani. Akamwambia alete.

Ni kwenye kipande hicho alipoiona mikwaruzo. Ilikuwa minne, sambamba, imeteremka kwa urefu wa mkono, haikukata hata uzi mmoja, ila ilikuwa imeacha michirizi ya vumbi. Ilikuwa chini, usawa wa nyonga yake. Alikagua tena ukuta mzima. Hapakuwa na mkwaruzo mwingine popote. Sikio alikuwa ameupiga ukuta mara moja tu, mahali hapo tu, kama mtu anayejua anagonga mlango wa nani.

Shazia aliingia ndani ya zizi. Ng'ombe walikuwa machungani, chini ya ulinzi wa majirani. Alikiona kigoda cha kukamulia, akaketi, akashika tama. Kichwani mwake alikuwa akiufumua ukuta mshono kwa mshono na kuushona upya, wala hakupata lililokosekana. Jua lilikuwa limeshuka hata likawa nyuma ya kipande cha rangi ya maziwa, na kipande kizima kilikuwa kimewaka kama kioo cha taa.

Ndipo wifi yake alipopita nje, amebeba ndoo.

Shazia alimwona. Kupitia turubai zito alilolishona kwa mikono yake aliona kilemba cha wifi yake, bega lake, mkono ulioning'inia, na hata kishikio cha ndoo. Wifi alipofika kwenye kipande cha kijani alitoweka, kama aliyemezwa na ardhi.

"Wifi," Shazia aliita, na sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Hebu ingia."

Wifi aliingia, akatua ndoo.

"Siku hizi unakamulia wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa. Nilikuwa nakamulia nje, ila asubuhi siku hizi upepo unakata. Humu ndani kuna ujoto. Kwani nimekosea?"

"Na kandili unaitundika wapi?"

"Kwenye nguzo hiyo nyuma yako. Nikiitundika mbele inanichoma macho."

Shazia aligeuka. Nguzo ilikuwa nyuma yake, kipande cha rangi ya maziwa kilikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Alimshika wifi yake mkono, akamtoa nje, akampeleka mbele ya mikwaruzo, akamwambia achuchumae kama anayekamua. Michirizi minne ilianzia kwenye usawa wa bega la mwanamke aliyekaa, ikateremka hadi kiunoni.

Wifi aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mcheshi, asiyekosa neno. Sasa alijishika bega.

"Nilisikia kitambaa kimevuma," alisema hatimaye. "Puu, mara moja, hapa usoni. Nikadhani upepo. Kisha ng'ombe wakawa juu yangu. Kumbe hakumtaka mtamba."

"Hapana."

"Alinitaka mimi."

"Alikitaka kivuli kinachotikisika. Wewe hakukuona. Ni mimi niliyekushonea dirisha, wifi. Turubai hili nililipima kwa maji na kwa sindano. Kwa mwanga sikulipima."

Kosa alikuwa amelipata, na alipolipata aliona kwamba limezidi kuwa zito. Komeo alikuwa ameahidi kuzungumza akionyeshwa kosa. Lakini ni mume gani angeambiwa kwamba simba alimpiga mkewe begani, naye akaenda kuiondoa sumu? Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni upepo, ni lango bovu. Wifi alimsoma usoni.

"Usimdanganye," alisema. "Atajua. Na usimwambie wewe. Akiambiwa na wewe atadhani unamtetea mnyama. Nitamwambia mimi."

Alimwambia akiwa amesimama wima, mikono amefungia nyuma, bila kutia chumvi. Komeo alisikiliza, akaenda mwenyewe hadi kwenye kipande cha rangi ya maziwa, akavitia vidole vyake vinne kwenye ile michirizi minne, akaviteremsha mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alimtaka mke wangu," alimwambia Shazia, "nawe umekuja hapa kuniomba nimwache hai."

"Uliniambia nikuonyeshe kosa. Kosa ni hili, na nililishona mimi."

"Hilo nimelisikia. Bado ninauliza la kwanza."

Aliyejibu ni mkewe. "Niulize mimi, maana bega ni langu. Kwa miezi mitano mnyama yule amepita nyuma ya ukuta huu nami nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Ameufahamu; amejua kwamba hapa hapana chake. Leo mimi nimejianika mbele ya taa kama nguo kambani, akaona kinachotikisika, akakigusa. Umuue huyu, bonde litabaki tupu kwa mwezi mmoja, miwili, kisha atakuja mwingine asiyeujua ukuta. Huyo nani atamfundisha? Tumpe ng'ombe wangapi wa kujifunzia?"

Komeo aligeuza uso kuelekea bondeni.

"Halafu niambie, baba watoto, kesho nitakwenda kisimani kwa njia ipi? Na mtoto wa jirani akiokota unyoya pale, tutamwambia nini mama yake? Tutamwambia tulimwonya?"

Jua liligusa vilele vya vichaka. Komeo alivua kofia, akajipangusa uso kwa kofia yenyewe, akaivaa.

"Leteni mafuta ya taa," alisema. "Na kuni kavu, zote."

Waliteremka bondeni watatu. Komeo alibeba mzigo wa kuni na beleshi, mkewe dumu la mafuta, na Shazia kile kipande cha turubai la kijani begani, bila kujua kitamfaa nini, ila mikono yake haikuzoea kwenda mahali mitupu. Mbwa mmoja, yule mzee, alikuwa amefungwa nyumbani. Mwenzake hakuwa ameonekana tangu mchana.

Walimkuta kando ya mzoga, amelala ubavu, miguu imenyooka, povu limekauka puani. Karibu naye walikuwa tai wawili, mabawa yamefunguka kama miavuli iliyovunjika. Komeo alisimama. Hakumgusa mbwa. Alimtazama tu, kisha akainama na kuanza kupanga kuni kwa haraka.

Mzoga ulikuwa umeliwa nusu asubuhi, kabla ya sumu. Walimvuta mbwa na tai juu yake kwa beleshi, wakaweka kuni juu. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa kuonyesha maumbo lakini si nyuso, wakati wifi alipoacha kazi na kusimama kama mti.

"Yule pale," alisema, bila kuinua mkono.

Sikio alikuwa ametoka kwenye kichaka, mbele yao, umbali ambao mtu angeweza kuzungumza na mwenzake bila kupaza sauti. Kichwa chake kilikuwa chini, mabega juu. Nyuma yake nyasi zilitikisika mahali pawili.

"Mtu asikimbie," Komeo alisema kwa pumzi tu.

Shazia alikuwa tayari analifungua turubai. "Wifi, shika ncha hiyo. Inua mpaka juu ya kichwa. Pindo la chini kanyaga."

Walilitandaza wima kati yao, kila mmoja upande wake, mikono imenyooshwa, visigino vimekanyaga pindo. Nyuma yao walikuwa Komeo na mzoga. Mbele yao kulikuwa na kitambaa cha kijani tu. Simba alitoweka machoni pao, nao wakatoweka machoni pake. Shazia alikuwa ameshona kuta nyingi, lakini hakuwahi kusimama nyuma ya mmojawapo akiwa na kitu upande wa pili.

"Yuko wapi?" Komeo aliuliza, akimwaga mafuta.

"Sijui. Kitambaa hiki hakionyeshi. Ndiyo sifa yake."

Wifi alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Kisha nyasi zikalia upande wa pili, taratibu, hatua baada ya hatua. Zikanyamaza. Walisikia pumzi nzito ya puani, ikivutwa na kuachiwa. Komeo alipiga njiti, ikavunjika. Akapiga nyingine, ikavunjika.

"Pole pole," mkewe akamnong'oneza. "Moja moja."

Chini, karibu na mguu wa Shazia, turubai lilisukumwa. Lilitokeza kama ngumi ndogo, likasogea, likanusa kiatu chake kupitia kitambaa. Alikuwa mtoto wa simba. Mikono ilianza kumwaka Shazia kwa uchovu, na alijua kwamba akiishusha kwa kiasi cha shubiri moja, kichwa chake kitatokea juu ya ukuta kama embe sokoni. Hakuishusha. Aliuma ulimi hata akaonja chumvi.

Upande wa pili mama aliguna, mara moja, kwa sauti nzito ya chini ambayo waliisikia zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio. Uvimbe ule mdogo chini ya turubai ukaondoka.

Njiti ya nne iliwaka. Mafuta yalishika kwa mvumo, joto likawapiga migongoni, na vivuli vya wote watatu vikarukia mbele juu ya turubai, vikubwa, vyeusi. Shazia alivitazama kwa hofu; kisha akakumbuka kwamba anavitazama kutoka ndani, na kwamba kitambaa kile cha kijani hakikuwahi kupitisha mwanga. Walisimama hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Komeo aliongeza kuni, akasimama katikati yao, akawasaidia kuinua.

Walipolishusha turubai, ng'ambo yake hapakuwa na mtu wala mnyama.

Afisa alifika makaa yakiwa bado mekundu, amechafuka mikono kwa gurudumu. Kabla hajauliza, Komeo alimkabidhi kopo na kumweleza alichokifanya tangu asubuhi, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia kwa mwaka mzima. Afisa alilifunga kopo ndani ya mfuko, akasema kwamba atarudi Jumatatu kwa mazungumzo ambayo hayatakuwa mafupi, na kwamba hawezi kuahidi yatakwishaje. Komeo akakubali kwa kichwa. Kisha afisa alimgeukia Shazia.

"Turubai la rangi ile liko kwenye mazizi mengine matano, mama. Mimi ndiye niliyelileta."

"Nami ndiye niliyelishona," Shazia alisema. "Kwa hiyo kesho utanipitia mapema, na usije na gurudumu hilo."

Walizunguka Jumapili yote. Kila zizi alifumua kipande cha rangi ya maziwa, akaziba pengo kwa turubai la kijani lililokuwa limewasili bohari, akawaambia wenye nyumba sababu yake waziwazi, na akawaonya juu ya taa. Baadhi yao walimcheka, wengine walimtukana kidogo, na bibi mmoja alimwuliza kama sasa ng'ombe wavae na kofia. Jioni alirudi kwa Komeo, wakashona pamoja kipande kipya cha kijani. Yeye alisukuma sindano, kaka yake akaivuta kwa koleo upande wa pili.

Wiki iliyofuata afisa aliwahesabu simba kwa nyayo na kwa macho. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: katika zizi la Komeo, ng'ombe arobaini na mbwa mmoja, nyumbani, Komeo na mkewe, wote wazima, na ng'ambo ya bonde, Sikio na watoto wake wawili.